Breki shuu mpya kwenye drami za zamani: pedali inazama, gari linavuta kulia

Morisi62

Wakuu, habari za humu. Nina Morris Minor 1000 ya injini ya cc 1098, ile yenye drami (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) za inchi 8 mbele na inchi 7 nyuma. Haina busta ya kuongezea mguu nguvu, ni mguu wako na mafuta ya breki tu. Nimeweka breki shuu mpya (vile vyuma vya upinde vinavyobana drami kwa ndani) magurudumu yote, silinda ndogo mpya za kusukuma shuu, mipira mipya, na masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, imepewa raba mpya. Drami ni zilezile za siku zote, kwa macho zinang'aa vizuri.

Sasa sikilizeni vituko. Pedali nikiikanyaga mara moja inazama kupita nusu. Nikiipiga mara mbili za harakaharaka inapanda juu na kuwa ngumu kama jiwe. Nikikaza ajasta, ile ya kusogeza shuu karibu na drami, ili isizame, magurudumu ya mbele yanaanza kusugua, na baada ya mwendo mfupi drami ya kulia huwezi kuishika kwa mkono. Nikifunga breki gari linavuta kulia na kupiga mlio. Mwendo ukiwa mdogo, pedali inapigapiga unyayo.

Kila kitu ni kipya. Tatizo liko wapi?

Bisibisi

Hewa hiyo mkuu. Toa hewa tena, anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda.

Morisi62

Nimeshatoa, mkuu, na kwa mpangilio huohuo. Mafuta yanatoka safi, hakuna hata povu.

Bisibisi

Basi masta silinda inarudisha mafuta ndani kwa ndani. Raba za siku hizi ndivyo zilivyo.

MzeeSpana

Vijana, tusikimbilie mafuta. Dalili mbili zinafanana zikisimuliwa, lakini mguu unazitofautisha. Hewa inafanya pedali idunde: unakanyaga, inabonyea, na ukiongeza nguvu inaendelea kubonyea. Masta silinda mbovu inazama polepole ukiwa umeikanyagia bila kuachia. Mwenzetu anasema pedali inaenda mbali, kisha ikifika inakuwa ngumu, na ukipiga mara ya pili inapanda. Hiyo ni safari. Shuu zina mwendo mrefu kabla ya kugusa drami, na pigo la kwanza linatumika lote kuziba nafasi hiyo. Pigo la pili linakuta shuu bado hazijarudi mwisho.

Swali linalobaki ni kwa nini hawezi kuipunguza safari hiyo kwa ajasta bila gurudumu kusugua. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na ndiyo kazi inayorukwa na watu wengi. Kufunga shuu mpya kwenye drami ya zamani siyo kutoa hiki na kuweka kile. Ni kulinganisha mviringo wa lainingi, ile ngozi ya kusugua iliyo juu ya shuu, na mviringo wa drami. Kama haviendani, shuu itagusa sehemu moja ndogo na kusugua, huku sehemu nyingine yote ikiwa hewani. Wewe unasikia gurudumu linasugua, unadhani umefika, unarudisha ajasta. Kumbe hujafika popote.

Fanya hivi. Vua drami, safisha, kisha chukua shuu moja kwa mkono uiweke ndani ya drami kama inavyokaa ikifanya kazi. Ibonyeze katikati, halafu jaribu kuitikisa kutoka ncha hadi ncha. Utakuta moja kati ya hali tatu.

Ikiwa inabembea, yaani katikati imegusa na ncha zote mbili ziko wazi, mviringo wa shuu ni mdogo kuliko wa drami. Hii ndiyo hali ya drami iliyokerezwa, yaani iliyokatwa ndani kwa mashine ikabaki pana zaidi, ikapewa shuu za saizi ya kawaida. Ikiwa ni kidogo haina ubaya, tena ndivyo mafundi wa zamani walivyotaka: katikati iguse kwanza, na kila ncha ibaki na nafasi ya elfu 5 hadi 10 za inchi, ambayo ni milimita 0.13 hadi 0.25. Lainingi ikila kidogo inajikalia yenyewe.

Ikiwa imekaa kimya, haibembei, na mwanga haupiti popote, mshukuru Mungu uifunge.

Ya tatu ndiyo mbaya. Haibembei, lakini ukipitisha fila geji (ulimi mwembamba wa kupimia nafasi) katikati inaingia, kwa sababu shuu imesimama kwenye ncha zake mbili. Mviringo wa lainingi ni mkubwa kuliko wa drami, kama kifuniko cha sufuria kubwa kilicholazimishwa kwenye ndogo. Hali hii haijirekebishi haraka kwa kuendesha. Ncha ya mbele ya shuu inauma drami na kuvutwa ndani, breki inakamata ghafla, inapiga mlio na kuchemka. Na kwa kuwa katikati hakugusi, ukikanyaga kwa nguvu shuu yenyewe inajikunja kidogo, na mguu wako unasikia kama kuna sponji.

Pima za kulia na za kushoto, kila shuu peke yake. Usichanganye, andika kwa chaki nyuma ya kila moja imetoka wapi.

Morisi62

Shikamoo mzee. Hilo la ncha sijawahi kuambiwa na mtu. Nitafungua nipime.

MzeeSpana

Marahaba. Na ukishavua drami, usiruhusu mtu akanyage pedali. Pistoni zitaruka nje na mafuta yote yatakuwa sakafuni. Zifunge kwa waya au raba.

DerevaMpole

Samahani kuuliza cha kitoto. Hiyo "ncha ya mbele kuvutwa ndani" ina maana gani? Shuu si inasukumwa tu na silinda?

MzeeSpana

Si cha kitoto. Drami inazunguka. Shuu ambayo ncha yake inayosukumwa na pistoni ndiyo inayokutana kwanza na mzunguko, ule msuguano wenyewe unaiburuta iingie zaidi kwenye drami. Inajisaidia. Tunaiita shuu inayoongoza. Iliyogeuka kinyume, mzunguko unaisukuma itoke, hiyo ni inayofuata, na kazi yake ni ndogo zaidi kwa nguvu ileile ya mguu. Magari mengi ya zama hizo yana moja ya kila aina nyuma. Mbele, kama kwenye Minor ya mwenzetu, kuna silinda mbili kila gurudumu, na shuu zote mbili zinaongoza. Ndiyo maana gari lisilo na busta linasimama kwa mguu wa kawaida.

Ubaya wake ni kwamba msaada huohuo unakuza kila kasoro. Tofauti ndogo ya kugusa kati ya kulia na kushoto inageuka mvuto mkubwa kwenye usukani. Na mtu akibadilisha silinda akazifunga upande usio wake, shuu zote mbili zinakuwa zinazofuata. Gari linagoma kusimama likienda mbele, likirudi nyuma linasimama kama limegonga ukuta.

Kobe67

Naongezea kwa wenye Volkswagen Beetle. Drami ya nyuma inashikwa na nati ya 36 inayokazwa kwa takribani Nm 300. Msijaribu kuilegeza gari likiwa juu ya jeki. Ilegeze magurudumu yakiwa chini, hendibreki imevutwa, gia imeingia, na pini umeshaitoa. Nimeona jeki ikilala kwa sababu ya nati hiyo.

Bisibisi

Mbona watu wanahangaika? Bandikeni msasa ndani ya drami, sugueni shuu mpaka ikae, kisha pulizeni vumbi kwa kompresa. Kazi ya nusu saa.

MkerezaVyuma

Kaka Bisibisi, msasa sikatai, nitaurudia. Lakini hiyo kompresa iache hapohapo ilipo.

Gari la miaka ya sitini huwezi kujua shuu zilizokuwemo zilikuwa za nini. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na hata sasa kuna zilizokaa kwenye maboksi ya stoo za watu. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, ina maana miaka mingi kabla ya hapo ilikuwa ikisagika ndani ya drami kila siku. Vumbi lake halionekani hatari, halinuki, na madhara yake kwenye mapafu huja baada ya miaka mingi. Likipulizwa linabaki hewani kwenye gereji nzima. Lowesha kwanza kwa maji yenye sabuni au dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa ukifunge kwenye mfuko. Vaa barakoa ya chembe ndogo. Ya kitambaa haisaidii.

Mashine za kukereza shuu ziifuate drami zilikuwa kitu cha kawaida kwenye gereji, na vumbi hilo ni moja ya sababu zilizozifanya zipungue. Ndiyo maana leo shuu mpya inafungwa kama ilivyotoka kwenye boksi, na watu wanashangaa.

Sasa drami. Kung'aa si kipimo. Drami ni ya chuma cha kutupwa, na inaharibika kwa namna ambazo jicho halizioni. Inaweza kupanuka mdomo, yaani upande wa nje ukawa mpana kuliko wa ndani. Inaweza kuwa na ukingo ulioachwa na shuu za zamani, shuu mpya ikipanda juu ya ukingo huo haikai kamwe. Inaweza kuwa na madoa ya bluu yaliyounguzwa, hayo ni magumu kuliko chuma kingine na kisu cha lezi, ile mashine ya kukereza, kinayaruka. Na inaweza kuwa yai, yaani si duara kamili tena. Pedali inayopigapiga unyayo mimi naisoma kama yai mpaka vipimo viseme vingine.

Pima kipenyo kwa vanieri ndefu au, bora zaidi, maikromita ya ndani. Pima mara ya kwanza, zungusha robo, pima tena. Pima karibu na mdomo, pima ndani. Andika yote. Kwa drami za ukubwa huu, kanuni inayofuatwa sana ni kutozidi milimita 1.5 juu ya kipenyo cha asili, isipokuwa mtengenezaji ametaja kikomo chake. Ya inchi 8 ilizaliwa na milimita 203.2, basi 204.7 ndiyo mwisho. Kupita hapo ukuta ni mwembamba, unachemka upesi, na drami ikichemka inapanuka kuzikimbia shuu. Pedali inakushukia mteremkoni, mahali pabaya kuliko pote.

DerevaMpole

Dada Mkereza, kwa nini usimshauri aweke breki za diski mbele amalize?

MkerezaVyuma

Diski ni nzuri, Jaguar walishinda Le Mans ya 1953 wakiwa nazo. Ila gari la cc 1098 lenye uzito mdogo linasimama vizuri kabisa kwa drami zilizokaa sawa. Kubadilisha mfumo mzima kwa sababu drami moja imeharibika, mimi siioni hesabu yake. Anayetaka kukimbiza gari hilo na injini kubwa, huyo ni habari nyingine.

Morisi62

Nimepima. Kulia kipenyo ni 203.3 kila nilipogeuza, hata mdomoni. Shuu zake hazibembei, lakini fila geji ya milimita 0.3 inaingia katikati kwa shuu zote mbili. Kushoto shuu zimekaa vizuri, ncha zinapitisha 0.05 tu. Ila drami ya kushoto ni 204.6 upande mmoja, na nikizungusha robo inakuwa 204.3.

Nilitegemea kushoto ndiko kuwe kubaya. Mbona shuu za huko ndizo zimekaa?

MzeeSpana

Umepima vizuri, na majibu yanasema yenyewe. Hizo shuu zimebandikwa lainingi nene, za drami iliyokwisha kukerezwa. Drami yako ya kushoto ilikerezwa zamani, basi zimeiendea. Ya kulia haijaguswa au ilibadilishwa, na shuu hizohizo ni kubwa kwake, zinasimama kwa ncha. Kulia kunauma, kunapiga mlio na kunachemka, gari linavutwa huko.

Kushoto ni yai. Ajasta inasimama pale kipenyo kinapobana, na robo ya mzunguko baadaye shuu iko mbali. Huko ndiko sehemu ya safari ya pedali ilikopotelea, na ndiko kunakopiga unyayo.

MkerezaVyuma

Ya kushoto usinipe niikereze. Kuondoa hilo yai lazima nipite 204.6 yenyewe, nikimaliza iko kwenye kikomo au imekivuka, na haijafanya kazi hata siku moja. Tafuta drami nyingine. Zikiwa mbili mpya ni bora zaidi, ili ekseli moja iwe na vipenyo vinavyolingana. Tofauti ya zaidi ya milimita moja kati ya kulia na kushoto, kama uliyo nayo sasa, hata shuu zikikaa sawa joto lake halitalingana.

Drami mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Osha kwa dawa ya breki mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Kisha shuu zako nene zikerezwe kufuata drami hizo. Kama una mtu mwenye mashine inayovuta vumbi, mpelekee shuu pamoja na drami, asikereze kwa kukisia. Kama huna, ndipo msasa wa Bisibisi unaingia: wenye gundi nyuma, ubandikwe ndani ya drami bila mikunjo, shuu iliyoloweshwa isukumwe huku na huku ikifuata mviringo. Pole pole. Kumbuka unene wa msasa unapunguza kipenyo, basi ukimaliza shuu itatoka ndogo kidogo kuliko drami, na hicho ndicho tunachotaka. Hakikisha tu lainingi mpya si za asbesto kabla ya kuzigusa, kama boksi halisemi, ziache.

Mwisho laza kingo za ncha zote mbili kwa tupa, mteremko mdogo tu. Mlio mwingi unaishia hapo.

Bisibisi

Nimekubali kuhusu kompresa. Sasa lainingi zilizolowa mafuta je? Mimi huzichoma kwa moto mpaka ziache kutoa moshi, kisha narudisha.

MzeeSpana

Hapana. Unachoma mafuta ya juu. Yaliyoingia ndani yanasubiri drami ichemke yatoke tena, na siku hiyo gurudumu hilo linaacha kufanya kazi ghafla. Kama zimebandikwa kwa gundi, moto wako umeshailegeza gundi pia. Tupa, tena pande zote mbili za ekseli. Kabla ya kufunga mpya tafuta mafuta yalikotoka: funua raba ya vumbi ya silinda uone kama ndani kumelowa, na nyuma angalia sili ya ekseli.

Kobe67

Lainingi zilizobandikwa kwa gundi na zile zilizopigiliwa kwa ribiti, mnachagua zipi?

MzeeSpana

Za gundi unazitumia zaidi, kikomo cha kawaida ni kama milimita 1.6 za lainingi. Za ribiti zikikaribia vichwa vya ribiti kwa milimita 0.8 zimekwisha, zikizidi hapo ribiti zinachimba mifereji kwenye drami. Kwa gari kama hili mimi sisumbuki na hilo. Ninachouliza ni ugumu wa lainingi. Zile ngumu zilizotengenezwa kwa magari yenye busta zinakaa miaka, lakini kwenye gari lisilo na busta unakanyaga hadi goti linauma. Omba zilizo laini. Zitakwisha mapema, na drami itadumu.

Na wewe Morisi, ukirudi kufunga, vua upande mmoja tu, mwingine uuache uwe ramani yako. Sehemu zile za bamba la nyuma ambazo shuu inatelezea, sugua kutu yote, kisha paka grisi ya joto kali, filamu nyembamba tu. Palipolika mfereji shuu inakwama pale, pajazwe na kusawazishwa. Springi mpya. Zilizochoka hazirudishi shuu, na mtu anaanza kulaumu silinda. Ncha za springi ziingie matundu yaleyale.

Ukishafunga drami, usikaze ajasta moja mpaka mwisho. Kaza kidogo, kanyaga pedali kwa nguvu shuu zijiweke katikati, kaza tena, kanyaga tena. Mbele una ajasta mbili kila gurudumu, kila shuu na yake, nyuma moja. Kaza mpaka gurudumu lifunge, rudisha jino moja, zungusha. Sauti ndogo ya kugusa si tatizo. Nyuma, kabla ya yote, legeza kebo ya hendibreki kabisa. Ikiwa imevutwa, shuu hazirudi nyumbani na vipimo vyako vyote ni uongo. Hendibreki inakuwa ya mwisho.

Morisi62

Wakuu, mrejesho. Drami mbili mpya za mbele, shuu zimekerezwa na mtu mwenye mashine akiwa na drami mkononi. Kila ncha inapitisha 0.15, kulia na kushoto. Safari hii pedali inasimama juu, pigo la kwanza. Gari linaenda sawa. Ila nguvu bado si kubwa nilivyotarajia, na nikifunga mara kadhaa mfululizo nasikia harufu.

MzeeSpana

Kwa sasa inagusa katikati tu, lazima nguvu iwe pungufu. Na lainingi mpya ikichemka mara ya kwanza inatoa gesi kutoka kwenye gundi yake, harufu ndiyo hiyo. Tafuta barabara isiyo na watu. Toka mwendo wa 50 punguza mpaka 10 kwa mguu wa wastani, usisimame kabisa, kisha endesha bila breki mpaka zipoe. Rudia hivyo mara ishirini hivi. Usiegeshe kwa hendibreki zikiwa za moto, drami inapopoa inajibana na kuchukua umbo la shuu, unaanza habari ya yai upya. Baada ya kilomita mia tatu hivi rudi kwenye ajasta, utakuta mbele kunataka jino moja.

Morisi62

Na drami ya kushoto ya zamani nifanyeje nayo?

MkerezaVyuma

Igonge kwa nyundo iingie ufa, ndipo uitupe. Ukiiacha nzima, kuna mtu ataiokota, aione inang'aa, aifunge.